Dirisha kwenye shati la Fundi Kesho

Saa tatu na nusu asubuhi. Cherehani kinaunguruma katika chumba cha mbele cha nyumba yenye mlango wa bati, na fundi anakiendesha kwa mkono mmoja. Wa kulia unasukuma suruali ya kijivu chini ya sindano. Wa kushoto, ambao kazi yake ni kupokea mshono upande wa pili, haupo kazini. Uko ubavuni, umebana ukingo wa shati lake kwa vidole viwili na kuuweka mbali na ngozi, kama mtu aliyeshika mkia wa panya mfu.

"Karibu, kaa," anasema bila kuinua kichwa. "Lakini ukipita hapo punguza mwendo, tafadhali. Upepo wa mtu anayepita haraka unanichoma."

Anayemsikia mara ya kwanza hucheka. Kisha humwangalia usoni, akaacha.

Shati lenyewe ni jeupe, mikono mifupi, kola imesimama kama ya bwana harusi. Ila upande wa kushoto, chini ya kwapa, fundi amekata tundu la mstatili na kulipiga pindo pande zote nne, safi kabisa, utadhani kuna mteja aliyeliagiza. Ndani ya tundu hilo ngozi iko wazi, imejaa madoa ya makovu. Mtaani wanaliita dirisha. Watoto wa jirani walishamwuliza pazia lake liko wapi.

Ana miaka sitini na mmoja, na thelathini na minne kati ya hiyo ameimalizia kwenye kiti hiki hiki. Jina alilopewa na wazazi wachache wanalikumbuka. Kwa wote yeye ni Fundi Kesho, na si jina la sifa. Umpelekee kitambaa Jumatatu, atakuambia njoo kesho. Uje Jumanne, kesho. Yupo bwana harusi mmoja aliyeoa kwa koti la kuazima huku lake likiwa bado halina mikono.

"Aibu yangu naijua," anasema. "Lakini siku nikikupa nguo ikakukaa, si unanisamehe mwenyewe?"

Siku hizi Fundi Kesho anaogopa namba moja tu, tisini. Leo ni siku ya themanini na moja tangu vipele vya mkanda wa jeshi vimtoke ubavuni. Vipele vilishakauka zamani. Maumivu ndiyo yamegoma kuondoka. Daktari wake alimwambia kwamba yakiisha ndani ya siku tisini, neva imetulia. Yakivuka hapo, yanaanza kuitwa maumivu sugu, na yanaweza kudumu miezi, hata miaka. Zimebaki siku tisa, na ubavu bado unawaka moto.

Ilianza kama uchovu. Siku mbili nzima alihisi mchomo unaozunguka kutoka mgongoni kuja mbele, akalaumu pedali. Mkewe, ambaye hushona vifungo, hupiga pindo na kushika pasi katika chumba hicho hicho, akamkanda kwa maji ya moto. Siku ya tatu, akiwa anaoga, fundi akaona vipele vyenye maji vimejipanga ubavuni kwa mstari.

"Nilijua pale pale," anasema. "Mkanda wa jeshi mtu hahitaji kuambiwa."

Kitu kingine alichokijua alikipata kwa dada yake mkubwa, mjane anayeishi mitaa miwili kutoka hapo. Dada mtu alikuja mbio na dawa ya meno, akampaka, akakaa kitandani, akamwambia yale aliyoyasikia kwa mama yao. Mkanda ukimzunguka mtu, ncha mbili zikakutana, mtu huyo haponi.

Hapo fundi akafanya kosa ambalo labda ni fundi nguo tu angelifanya. Badala ya kwenda zahanati, alichukua tepu.

Alijifungia chumbani, akavua shati, akajipima. Kifua chake kina sentimeta tisini na nane, hilo alilijua siku nyingi. Mkanda ulikuwa na kumi na mbili. Kesho yake asubuhi akapima tena, ishirini na tatu. Keshokutwa, thelathini na nne. Unatembea kumi na moja kwa siku. Bado sitini na nne.

"Sitini na nne gawanya kwa kumi na moja, siku sita hazijai," anasema, na sauti inashuka. "Nikajiambia, haya bwana, ni Jumapili. Jumapili naondoka. Nilikuwa na suruali tisa za watu mezani, nikaanza kuchagua nimalize zipi."

Na zahanati je? Fundi anatazama sakafu. Kila asubuhi alijiambia kesho. Aliogopa kuambiwa kwa mdomo wa daktari kile alichokwisha kujipigia hesabu. Aliogopa pia macho ya watu kwenye benchi. "Watu wakisikia mkanda wa jeshi wanakutazama juu mpaka chini, wanaanza kukuhesabu mbavu. Ukitoka pale, mtaa mzima umeshakuzika."

Siku ya nne tangu vipele vitoke, mkewe alisukuma mlango.

"Nikamkuta mbele ya kioo, tepu imemzunguka," mama huyo anasimulia, pasi mkononi. "Nikamtania. Nikamwambia, baba, unajipimia suti kwa siri, unaongeza mke? Akanigeukia, machozi yanamtoka. Akaniambia, najipimia sanda."

Mama alimtupia shati mabegani bila kufunga vifungo, akachukua mkoba wake, akamtoa nje mbele ya macho ya majirani wote.

Daktari wa zahanati ni binti ambaye angeweza kuwa mtoto wa mwisho wa fundi. Anazungumza taratibu, na huwa anachora. Nyuma ya kadi ya fundi alimchorea uti wa mgongo na neva zinazotoka pande mbili.

"Nilimwambia hawa virusi ni wale wale wa tetekuwanga ya utotoni," daktari anaeleza. "Ukipona hawatoki, wanajificha kwenye mzizi wa neva. Umri ukienda, au mwili ukichoka, kinga ikashuka, wanaamka. Wanafuata njia ya neva ile moja mpaka kwenye ngozi. Neva ya kushoto inaishia katikati ya mwili. Kwa kawaida mkanda hauvuki kwenda upande wa pili."

Fundi alifuata mistari ya mchoro kwa kidole. Kisha akasema, "Ni kama mshono wa katikati ya mgongo wa koti. Kipande cha kushoto hakina kazi kulia."

"Ndiyo hivyo hivyo, mzee."

"Kwa hiyo Jumapili sifi?"

"Hufi. Ila umenichelewesha."

Vidonge vya kupambana na virusi vinafanya kazi vizuri zaidi vikianzwa ndani ya siku tatu tangu vipele vitoke. Kwa fundi saa hizo sabini na mbili zilikwisha akiwa mbele ya kioo na tepu. Kwa kuwa vipele vipya vilikuwa bado vinachipuka, daktari alimpa hata hivyo, mara tano kwa siku kwa siku saba, na dawa za kutuliza maumivu. Alimpima na damu, kuangalia virusi vya Ukimwi, kama wanavyoshauriwa wagonjwa wengi wa mkanda. Majibu, fundi anasema, ni ya kwake na mkewe, gazeti lisijisumbue.

Wiki ya pili vipele vilikauka. Wiki ya tatu magamba yakadondoka, na fundi akatangaza mtaani kwamba amepona. Akavaa shati lake la kutokea. Hakufika hata mlangoni.

"Shati lilinigusa nikapiga kelele," anasema. "Shati! Mimi niliyeshika nguo tangu ujana wangu. Ilikuwa kama mtu ameniwekea pasi ya mkaa, akaisahau."

Ngozi ilikuwa imepona. Neva iliyo chini yake haikupona. Mguso mdogo, pamba, upepo, unyoya, ulifika kichwani ukiwa umegeuka moto. Akaanza kukaa bila shati nyuma ya pazia, wateja wakimsemesha kutoka upande wa pili. Zamani alimaliza suruali nne kwa siku. Sasa ikawa moja, na siku mbaya ni mguu mmoja wa suruali.

Ndipo dada yake alipokuja kumwona. Akaingia, akamkuta ameketi, kitambaa chepesi begani, vidole viwili vimekibana kukitenga na ubavu. Dada mtu akasimama hapo hapo mlangoni.

"Umeshika kama shangazi," akasema.

Wote wawili walimkumbuka. Shangazi yao aliumwa mkanda wakiwa vijana. Ncha hazikukutana, hakufa. Akaishi miaka kumi na mmoja ameshika blauzi yake kwa vidole viwili, akila kwa mkono mmoja, akisalimiana kwa mkono mmoja, halali, hasemi sana. Alipokufa kwa maradhi mengine kabisa, waliomwosha walisema vidole vile vilikuwa bado vimekunjika.

"Ndiyo hofu niliyonayo," fundi anasema. "Kifo nilishakipangia siku, nikakizoea. Hii ya shangazi siiwezi."

Alirudi zahanati siku ya ishirini na moja. Daktari akamwandikia kidonge kidogo cheupe cha jioni. Akamweleza kwamba ni kidonge ambacho kwa kipimo kikubwa hupewa watu wenye huzuni nzito, lakini kwa kipimo kidogo hutuliza neva zinazopiga kelele ovyo. Akamwonya kwamba hakifanyi kazi siku moja. Ni wiki mbili, tatu, unaanza kidogo na kupandisha taratibu, na huachi njiani.

"Neva ikiachwa ilie muda mrefu inazoea kulia," daktari anasema. "Tunataka tuinyamazishe kabla haijazoea."

Alikimeza jioni mbili. Asubuhi zote mbili aliamka kichwa kizito, mdomo umekauka.

Sasa hapa inabidi kumwelewa Fundi Kesho. Fundi huyu haandiki vipimo. Hajawahi. Marehemu aliyemfundisha kazi alikuwa akisema kwamba mteja si daftari, ukimwandika utamsahau. Basi kiuno, nyonga, paja, urefu, vya watu wote wa mtaa huu vimo kichwani mwake. Anaweza kukutajia kifua cha mtu aliyehama miaka kumi iliyopita. Ndiyo fahari yake yote, maana kwa kutimiza ahadi hana sifa.

Asubuhi ya pili ya kidonge alikata suruali ya mwalimu. Urefu ni mia na nne. Alikata tisini na nne.

Mwalimu alisimama mbele ya kioo, suruali imeishia juu ya soksi. "Fundi," akasema, "naona umenirudisha darasa la tatu."

Watu walicheka, na fundi akacheka nao. Lakini maumivu yalikuwa yamechukua mkono wake mmoja, na sasa aliona dawa inataka kuchukua kichwa. Jioni hiyo mkewe alimwuliza kama amemeza, akasema nimemeza. Jioni iliyofuata, nimemeza. Akaendelea hivyo hivyo kwa wiki nne.

Siku ya hamsini na mbili mkewe alikuwa anatafuta kifungo cha shati. Akamimina kopo la vifungo mezani.

"Nikashika kimoja cheupe nitie sindano. Hakina matundu," anasema. "Nikashika kingine. Hakina matundu. Nikasema, jamani, hivi vifungo gani vya wapi? Nikakilamba. Kichungu."

Vilikuwa ishirini na nane. Alivipanga mezani kimoja kimoja, akamwita.

"Ungekuja kumshonea mtu kidonge kifuani," akamwambia. Fundi akajaribu kutabasamu. Mkewe hakutabasamu. "Shangazi yenu hakuwa na dawa, baba. Wewe unayo, umeichanganya na vifungo."

Fundi anasema amewahi kutukanwa na wateja kwa kila lugha, lakini neno lile lilimkaa vibaya kuliko yote. Alilia mbele ya mkewe kwa mara ya pili ndani ya miezi miwili. Akamweleza habari ya suruali ya mwalimu, na hofu ya kichwa chake.

Zahanati walikwenda pamoja. Daktari naye anakiri kwamba aliogopa. "Sikumgombeza. Alikuwa ameshajigombeza mwenyewe. Lakini tulikuwa tumepoteza mwezi, na mwezi huo ndio niliokuwa nautaka."

Fundi alimwuliza swali moja. "Mwanangu, ni mimi mwenyewe niliyeyafanya maumivu yawe ya kudumu?"

"Sijui, mzee," daktari akajibu. "Nikisema najua nitakudanganya. Nafasi bado ipo. Tuitumie."

Wakaanza upya na nusu kidonge, na wakakirudisha nyuma hadi jua linapozama badala ya wakati wa kulala, ili uzito wa kichwa uishe kabla ya asubuhi. Fundi akaambiwa asiruke hata siku moja, na akisikia kizunguzungu au mkojo ukisumbua, aje. Mkewe akauliza yeye mwenyewe ajikinge vipi. Daktari akamwambia kwamba chanjo ya mkanda kwa watu wazima ipo duniani ingawa haijafika kila mahali, na akiona kipele cha namna ile, aje siku hiyo hiyo.

Wakiwa njiani kurudi, mke alisimama dukani akanunua daftari. Jambo hilo, kwa Fundi Kesho, lilikuwa kama kumvua nguo sokoni. Lakini alilipokea. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, vipimo vya wateja vimeandikwa, kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu anayeona haya.

Ukurasa wa katikati ni wa kwake. Kila Jumatatu mkewe huchukua kipande cha pamba na kumpapasa kutoka kwenye ngozi nzima kuingia penye maumivu. Anaposhtuka, mke huweka alama kwa chaki ya nguo. Wakimaliza kuzunguka, wanapima. Siku ile ya vifungo, urefu wa moto ulikuwa sentimeta ishirini na tisa. Jumatatu iliyofuata, ishirini na tano. Kisha ishirini na moja.

Kisha ishirini na moja tena. Wiki hiyo, mkewe anasema, fundi hakula, na alikuwa akishtuka hata mlango ukigongwa. Walijua wote wawili wanachokiwaza, na hakuna aliyemtaja shangazi.

Jana ilikuwa kumi na saba. Dirisha la shati, alilolikata wiki ile ile ya kipimo cha kwanza, nalo linafuata. Kila Jumatatu jioni mama analishona pembeni kwa sentimeta zile zile zilizopungua, kwa uzi mweupe, usiku hauingii kabla hajamaliza. Ukilitazama kwa karibu unaona mistari ya mishono ya zamani, mmoja ndani ya mwingine.

Fundi, kama kawaida yake, ameshapiga hesabu. Sentimeta nne kwa wiki. Siku tisa. Kumi na saba haifiki sifuri.

"Itabaki kama kumi na mbili," anasema. "Siku ya tisini itanikuta nayo." Vidole vyake vinakaza ukingo wa dirisha mpaka kucha zinakuwa nyeupe.

Saa nne na robo anaingia dereva wa lori, mtu mpana mwenye sauti ya barabarani. Anafuata suruali aliyoahidiwa wiki mbili zilizopita, na anataka shati jipya. Suruali, ajabu, iko tayari, imekunjwa mezani. Fundi anasimama, anachukua tepu, anaipitisha chini ya kwapa la dereva.

Dereva anaruka.

"Pole. Nini?"

"Hamna kitu, fundi. Kuna mdudu kanitembelea tangu jana." Na mkono wake, bila yeye kuutuma, unabana shati lake kwa vidole viwili na kulivuta mbali na ubavu.

Fundi Kesho anaviona vile vidole. Tepu inamponyoka inaanguka sakafuni. "Fungua vifungo," anasema.

Chini ya titi la kulia vimejipanga, vichache, vina maji, vyekundu pembezoni. Mkewe ameiacha pasi juu ya kitambaa. Anaisimamisha haraka, maana kitambaa kimeanza kunuka.

"Nenda zahanati," fundi anasema.

"Nitaenda. Nina mzigo wa kupeleka leo. Nikirudi, kesho..."

"Kesho ni jina langu mimi," fundi anamkata. "Wewe hukupewa."

Dereva anacheka, ananyoosha mkono kuchukua suruali yake. Fundi anaiwahi, anaikalia. Mtu wa miaka sitini na mmoja, dirisha ubavuni, amekalia suruali ya mtu kwenye kiti cha cherehani.

"Lete nguo yangu, mzee."

"Sileti."

"Ni mali yangu hiyo!"

"Kanishtaki. Na huko polisi upite zahanati kwanza, iko njiani." Sauti yake imepanda, haina mzaha tena. Anageuka ili ubavu wake uonekane. "Tazama hapa. Tazama vizuri. Mimi nilisema kesho mara tatu. Mara tatu tu. Unaiona hii? Siku themanini na moja sijafunikwa na shuka upande huu. Wewe una siku moja. Una bahati ambayo mimi ningeinunua kwa cherehani hiki. Nenda leo."

Dereva anamtazama mama, kama anayetafuta msaada. Mama ameshamfungulia mlango.

Anaondoka akilalamika kwamba hajawahi kuona mafundi wa namna hii. Fundi anarudi kwenye suruali ya kijivu, lakini hashoni. Mkewe anamletea maji, anasimama mbali kidogo ili upepo wa nguo zake usimguse. Wanasubiri, ingawa hakuna anayekiri kwamba wanasubiri.

Saa nane mchana lori linasimama nje. Dereva anaingia na mfuko mdogo wa karatasi, uso umepungua ukubwa.

"Wamesema nimewahi," anasema.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mara tano."

"Ukiruka hata kimoja nitajua," fundi anasema, ingawa hana njia ya kujua. Anainuka, anampa suruali yake. Bado ina joto la kukaliwa. "Na yakiisha mapele ukasikia moto umebaki, rudi kwa yule binti siku hiyo hiyo. Atakupa kidonge kidogo. Kinachosha kichwa. Kimeze hivyo hivyo."

Anampima shati upande mmoja tu, kwa mbali, tepu haigusi, na upande wa pili anaukadiria kwa macho. Akimaliza ataiosha tepu kwa sabuni. Mkewe anaandika namba zinapotajwa.

"Lini nije?" dereva anauliza.

Kinywa cha fundi kinafunguka, na kila mtu chumbani anajua neno linalokuja. Haliji. "Alhamisi ijayo," anasema. "Na Alhamisi ni Alhamisi."

Lori likiondoka, mkewe anamsogezea daftari. Mstari wa mwisho kwenye ukurasa wa kazi ni mwandiko wake fundi mwenyewe. *Mteja: mimi. Kazi: kuziba dirisha. Siku:* Baada ya hapo karatasi imefutwa kwa raba mara nyingi mpaka imekuwa nyembamba.

"Umempa mtu siku," mama anasema. "Jipe na wewe."

"Nikiandika ya tisini, ikapita bila kuziba?"

"Daktari alisemaje?"

"Alisema neva haisomi kalenda. Alisema hata siku ya mia na ishirini, dawa inaendelea, na wapo waliopona baada ya hapo." Anasema haraka, kama mtoto anayetaja somo alilokariri bila kuliamini. "Lakini mimi nimepiga hesabu, mama."

"Hesabu zako nazijua. Za kwanza zilikuua Jumapili, na bado uko hapa unanidai chai."

Fundi anacheka. Kicheko kinamuumiza, anakunja uso, kinarudi. Anachukua penseli. Daftari ni jipya, gumu, linajifunga kila akiliachia. Analikandamiza kwa kiganja cha kushoto na kuanza kuandika, herufi moja moja, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo.

Mkewe haangalii anachoandika. Anaangalia mkono ule wa kushoto, ulio juu ya daftari. Anaangalia ukingo wa dirisha ulioshuka na kulala kwenye ubavu wa mumewe. Anaziba mdomo kwa kitambaa cha pasi, asije akatoa sauti.

*Siku: kesho,* fundi ameandika. *Kama si kesho, kesho yake.*

Ndipo anapogundua. Mkono unaruka, unafika nusu ya njia kuelekea ubavuni, unasimama hewani.

"Linauma?" mkewe anauliza.

"Linauma," anasema. Jasho limemtoka kwenye paji la uso. Kisha polepole, kama mtu anayeshusha chombo cha udongo, anaurudisha mkono kwenye meza, anavuta suruali ya kijivu, na kuushika mshono kwa mikono miwili.